Matanga Lupaso, Fainali Sumbawanga

Kutoka Chiwata, ukingoni mwa nyanda za juu za Wamakonde, hadi Sumbawanga katika Mkoa wa Rukwa ni mwendo wa kilomita zipatazo 1,200 na ushei. Msafiri hufika kwanza Masasi mjini, akashika njia ya Mangaka na Tunduru, akalala Songea akipenda, akapanda milima ya Njombe, akapinda Makambako kuelekea Mbeya, akaugusa mpaka wa Zambia pale Tunduma, na hapo ndipo anapogeuza uso kaskazini kuitafuta Sumbawanga. Ni nadra mtu wa Masasi kuwa na shughuli katika mji huo. Hana shamba huko, hana mjomba huko, wala korosho zake haziuzwi huko. Lakini katika siku za mwisho za Julai 2020 jina la Sumbawanga lilikuwa midomoni mwa watu wa kusini, wakubwa kwa wadogo, na sababu yake ilikuwa kandanda.

Jumapili ya tarehe 2 Agosti 2020, timu ya Namungo ya Ruangwa ilikuwa ikutane na Simba ya Dar es Salaam katika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, kwenye Uwanja wa Nelson Mandela, Sumbawanga. Kwa mujibu wa kanuni, huo ulikuwa uwanja usio wa mtu: Simba mgeni, Namungo mgeni. Hiyo ni kanuni ya karatasi. Kila mpenda mpira wa nchi hii anajua kwamba Simba na Yanga hazina ugenini. Popote ziendapo hukuta jezi zao zimekwisha jaa majukwaani kabla ya basi lao kuwasili. Kwa Namungo, timu iliyopanda Ligi Kuu mwaka uliotangulia tu, Sumbawanga ulikuwa ugenini mara mbili: ugenini wa mwendo na ugenini wa makelele.

Huenda msomaji akauliza, Chiwata inaihusu nini Namungo? Chiwata ni kata ya Wilaya ya Masasi, Mkoa wa Mtwara, na Ruangwa imo katika Mkoa wa Lindi. Ni kweli. Lakini mipaka ya mikoa iliwekwa na serikali kwa ajili ya kazi zake, na mapenzi ya mpira hufuata barabara. Ukitoka Chiwata ukafika Ndanda, kisha Nanganga, umebakiwa na safari fupi kuingia Ruangwa ulipo Uwanja wa Majaliwa. Mtwara mjini, ulipo Uwanja wa Nangwanda Sijaona, ni mbali zaidi kuliko hapo. Kwa hiyo mtu wa Chiwata, hata timu ya mkoa wake inapocheza nyumbani, yeye husafiri. Nyumbani kwake kimpira ni ugenini kwa nauli.

Timu hiyo ya mkoa, Ndanda, iliyobeba jina la mji mdogo wa misheni ulio jirani na Chiwata, ilikuwa imewapa watu wa kusini miaka sita ya fahari. Iliingia Ligi Kuu mwaka 2014, na mchezo wake wa kwanza kabisa, Septemba 2014, ilikwenda kuucheza Shinyanga dhidi ya Stand United ikashinda mabao 4 kwa 1. Timu ngeni, uwanja wa watu, mabao manne! Walioyasikia matokeo hayo redioni siku ile hawakuyasahau upesi. Lakini ligi ya msimu wa 2019/20 ilipomalizika, tarehe 26 Julai 2020, Ndanda ilikuwa miongoni mwa timu zilizoteremka daraja. Hivyo basi wiki moja kabla ya fainali ya Sumbawanga, watu wa Mtwara walipoteza timu yao, na mapenzi yao yalikuwa yakitafuta pa kulala. Namungo ilikuwa karibu.

Kandanda, hata hivyo, halikuwa ndilo jambo kubwa la wiki hiyo. Usiku wa kuamkia Ijumaa tarehe 24 Julai 2020, Mzee Benjamin William Mkapa, Rais wa Awamu ya Tatu, alifariki dunia. Alizaliwa mwaka 1938, na kwao ni Lupaso, katika wilaya hiyohiyo ya Masasi. Masomo yake ya ujanani aliyapatia Ndanda kwa Wabenediktini. Kabla ya siasa alikuwa mwenzetu wa kalamu, aliyelihariri gazeti la Uhuru na lile la Kiingereza la The Nationalist tangu 1966. Taifa lilitangaziwa siku saba za maombolezo, bendera zikapepea nusu mlingoti. Watu waliaga mwili katika Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, na siku ya Jumatano tarehe 29 Julai akazikwa Lupaso, nyumbani. Sikukuu ya Idd el Hajj nayo iliangukia siku hizohizo. Na Jumapili yake, fainali.

Hebu fikiri, ndugu msomaji, mambo hayo yote ndani ya siku kumi: msiba wa mkubwa kuliko wote waliopata kutoka wilaya hiyo, kuteremka kwa Ndanda, Idd, na Namungo kufika fainali kwa mara ya kwanza. Mtu angeweza kudhani kwamba penye matanga hapatajwi mpira. Mwenye kudhani hivyo haijui kusini. Huku msiba una watani wake. Mtani haji msibani kulia peke yake. Huja pia kutania, kumwigiza marehemu, kuwatoza wafiwa faini ya kuchekesha, na pengine kuzuia kazi isiendelee mpaka apewe chake. Hakuna anayekasirika, maana ni desturi, na mtu aliyekwisha lia siku tatu anahitaji mwenzake wa kumlegeza. Wayao na Wangoni ni watani wa namna hiyo, na utani wao una mizizi katika vita. Mwaka 1882 Wangoni, ambao wenyeji wa pande hizi waliwaita Wamagwangwara, waliivamia Masasi wakachoma makazi ya misheni na kuchukua mateka. Leo wajukuu wa pande hizo mbili wanadaiana sahani za wali msibani.

Neno hilo hilo la utani ndilo lililochukuliwa na waandishi wa michezo walipowaita Simba na Yanga watani wa jadi. Mara nyingi sisi waandishi tumelitumia ovyo, tukawapachika utani watu wanaotupiana chupa. Lakini anayekaa Masasi analijua neno hilo kwa uzito wake wa asili. Mtani ana haki ya kukucheka, na ana wajibu wa kukuzika. Ndiyo sababu haikuwa utovu wa adabu, katika wiki ile, mtu aliyevaa nguo za msiba kuulizwa kama na Namungo nayo itazikwa Jumapili.

Kuna jambo jingine lililouunganisha msiba ule na safari ya mashabiki, nalo ni barabara. Kabla ya mwaka 2003, mtu wa kusini aliyetaka kwenda Dar es Salaam, kwa mpira au kwa hospitali, ilimpasa avushwe mto Rufiji kwa kivuko pale Ndundu. Masika yakikolea njia ilifungika, malori yakakaa topeni siku nyingi, abiria wakapika ugali kando ya magurudumu. Kulikuwa na watu wazima wa Newala na Masasi walioishabikia timu ya Kariakoo maisha yao yote bila kuiona ikicheza hata mara moja. Daraja la Rufiji, lenye urefu wa mita 970, lilifunguliwa mwaka 2003 Mzee Mkapa akiwa Rais, likapewa jina lake. Hata baada ya daraja, kipande cha kilomita 60 kati ya Ndundu na Somanga kiliendelea kuwatesa watu mpaka lami ilipokamilika katika miaka ya 2010. Wala mto na bahari havijasalimu amri: Mei 2024 mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya ziliikata barabara hiyo, na kusini ikatengwa tena kwa muda kama zamani.

Uwanja mkubwa wa Dar es Salaam, wenye viti 60,000, uliofunguliwa mwaka 2007, nao ulikuwa wazo la utawala wake, ukajengwa kwa msaada wa Wachina. Wakati wa kuagwa kwake mwaka 2020 ndipo ulipotangazwa kuitwa Uwanja wa Benjamin Mkapa. Kwa hiyo shabiki wa Chiwata anayekwenda kuitazama timu yake ikicheza Dar es Salaam huvuka daraja la mtu wa Lupaso ili aingie uwanja wa mtu wa Lupaso. Wako wanaolitaja jambo hilo kwa majivuno. Sioni kosa.

Lakini fainali haikuchezwa Dar es Salaam. Ilichezwa Sumbawanga, na barabara ya huko inaipita Songea, kwa watani. Njia ya Masasi, Tunduru na Songea, iliyokuwa vumbi na mashimo kwa miaka mingi, ilikuwa imekwisha pata lami katika muongo huo huo. Bila ya lami hiyo hakuna shabiki wa kusini ambaye angethubutu kufikiria safari hiyo kwa basi. Kwa lami, iliwezekana. Kuwezekana, hata hivyo, si sawa na kuwa rahisi, na hapo ndipo mjadala ulipoingia majumbani.

Mwezi Julai katika nchi ya mikorosho si mwezi wa fedha. Korosho huvunwa na kupelekwa ghalani kuanzia Oktoba, minada ikafuata, malipo yakapatikana kuelekea mwisho wa mwaka, bahati ikiwa njema. Bahati haiwi njema kila mwaka: katika msimu wa 2018 wanunuzi walipotoa bei ndogo, serikali iliamua kuzinunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likazisomba, na wakulima wengi walikaa miezi wakisubiri fedha zao. Ifikapo Julai, zilizolipwa zimekwisha liwa, na mkorosho wenyewe unadai. Huu ndio msimu wa kupuliza salfa, kuuzuia ubwiri unga usiyaue maua. Asiyepuliza kwa wakati, Novemba ataokota majani. Nauli ya kwenda Sumbawanga na kurudi, na chakula cha siku nne njiani, si kitu kidogo mbele ya mifuko ya salfa.

Hapa ndipo akina mama wanaposikika. Mara nyingi kurasa za michezo huandikwa kana kwamba mashabiki wote ni wanaume wasio na familia. Si kweli. Mama wa nyumba ya mkulima ndiye ajuaye debe la mahindi limebaki nusu na kaniki ya salfa inahitaji mashine ya kukodi. Baba akisema anakwenda Sumbawanga kuisindikiza timu ya kusini, swali la mama huwa fupi: timu hiyo itampulizia nani mikorosho? Mimi naliona swali hilo kuwa la haki. Pia naona kwamba mtu aliyeishi miaka 50 akisikia mpira redioni, aliyefikiwa na fainali inayohusu watu wa kwao, ana hamu isiyopaswa kudharauliwa. Nyumba nyingi zilimaliza shauri hilo kwa njia ya kawaida: hakuna aliyekwenda. Waliosafiri walikuwa wachache wenye nafasi, na wale walioko mikoa ya karibu na Rukwa.

Shauri la pili lilikuwa gumu zaidi, maana halikuhusu fedha. Lilihusu nani ashangiliwe. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, katika mitaa ya Dar es Salaam ambayo watu wa kusini walikwenda kutafuta kazi kama watu wa mikoa mingine. Mpira wenyewe ulikuwa umekwisha kanyaga Masasi kwa miguu ya misheni: wanafunzi wa chuo cha Kiungani, Unguja, waliucheza tangu karne ya 19, na walimu waliofunzwa huko ndio walioletwa kufundisha Masasi. Vijana wa Chidya, shule ya Waanglikana iliyo jirani na Chiwata, na wenzao wa Ndanda kwa Wakatoliki, walikulia humo. Lakini mapenzi ya Simba na Yanga yaliletwa na redio na barua za waliohamia Dar es Salaam, yakarithishwa kama dini ya nyumba. Mtoto huzaliwa akamkuta baba ni Simba, mjomba ni Yanga, na yeye huchagua kwa kadiri ya nani anayemletea zawadi.

Sasa itokee Namungo, timu ya jirani, icheze na Simba. Wa Yanga hawakuwa na taabu. Tarehe 12 Julai, wiki tatu kabla, timu yao ilikuwa imefungwa na Simba mabao 4 kwa 1 katika nusu fainali ya kombe hilohilo, na waliihitaji Namungo kama mgonjwa anavyoihitaji dawa. Ghafla kila mwana Yanga wa kusini akawa mzalendo wa kusini tangu kuzaliwa! Taabu ilikuwa ya wana Simba. Kuiacha Simba siku ya fainali ni usaliti. Kuishangilia dhidi ya vijana wa Ruangwa, mbele ya majirani, ni usaliti mwingine. Baadhi walitafuta mlango wa nyuma wakasema wanataka mchezo mzuri tu. Katika kandanda hakuna uongo mkubwa kuliko huo.

Je, Namungo ilikuwa na tumaini gani? Lilikuwepo, na halikuwa la ndoto. Katika msimu wake wa kwanza wa Ligi Kuu timu hiyo, ikifundishwa na Thierry Hitimana kutoka Rwanda, ilimaliza nafasi ya nne, nyuma ya Simba, Yanga na Azam tu. Tarehe 8 Julai Simba ilikuja Ruangwa ikiwa bingwa tayari, ikatoka sare bila kufungana, na kombe la ligi ikakabidhiwa hapohapo kwenye Uwanja wa Majaliwa. Watu wa kusini walitazama wageni wakishangilia kombe katika uwanja wao, lakini walitazama pia kwamba mabingwa hao hawakupata bao. Katika nusu fainali Namungo iliitoa Sahare All Stars ya Tanga kwa bao 1 kwa 0. Zaidi ya hayo, kwa kuwa Simba ilikuwa bingwa wa ligi na nafasi yake ya Afrika imo mfukoni, Namungo kwa kufika fainali tu ilikuwa imejihakikishia kucheza Kombe la Shirikisho la Afrika. Ilikwenda Sumbawanga bila deni.

Dhidi ya hayo kulikuwa na Simba, bingwa kwa mwaka wa tatu mfululizo, yenye wachezaji wa benchi ambao wangeanza katika timu yoyote nyingine ya nchi. Mwenye akili aliyapima hayo akanyamaza. Wengine waliweka matumaini yao katika ile inayoitwa kamati ya ufundi, jina la heshima tulilowapa waganga ili wasikike kama mafundi wa mitambo. Timu huambiwa isipite lango kuu, ipite nyuma, au iruke ukuta. Basi lisimame kabla ya daraja. Mchezaji fulani asisalimiane. Kama ufundi huo ungefunga mabao, Kombe la Dunia lingekwisha fika Tanzania zamani.

Siku ilipowadia, wasiosafiri walikwenda kwenye vibanda umiza, yale mabanda ya televisheni ambamo watu hubanana kwenye mabenchi mpaka kiti cha mbele kikawa goti la jirani. Walio mbali na umeme walikaa na redio zao. Korosho za kukaanga na ming'oko ya kuchemsha zilipata wanunuzi. Wenye vibanda wanajua desturi: Simba upande mmoja, Yanga upande wa pili. Siku hiyo upande wa pili ulikuwa na jina jipya.

Simba ilishinda mabao 2 kwa 1. Ilitangulia kwa mabao mawili katika kipindi cha kwanza, Namungo ikarudisha moja katika kipindi cha pili, na muda uliobaki ukawa mrefu kwa wana Simba na mfupi mno kwa wengine. Haikuwa aibu. Waliokwenda Sumbawanga walikuwa na siku mbili za njia za kuizungumza, na Songea watani walikuwa wakiwasubiri.

Ugenini wa kweli ulikuwa bado mbele. Februari 2021 Namungo ilisafiri hadi Angola kucheza na Primeiro de Agosto, na mchezo haukuchezwa: mamlaka za huko ziliizuia timu kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na baadhi ya watu wake wakabakizwa Luanda wenzao waliporudi. Shirikisho la Afrika likaamua michezo yote miwili ichezwe Dar es Salaam. Namungo ilishinda wa kwanza mabao 6 kwa 2, ikafungwa wa pili 3 kwa 1, na kwa jumla ya 7 kwa 5 ikaingia hatua ya makundi. Huko ilipangwa na Raja Casablanca ya Morocco, Pyramids ya Misri, na Nkana ya Zambia. Mbili za kwanza hufikiwa kwa ndege tu. Nkana ni ya Kitwe, na kwa mtu wa Chiwata aliye na nauli na aliyekwisha puliza mikorosho yake, njia ya huko anaijua nusu tayari: Tunduru, Songea, Makambako, Mbeya, hadi Tunduma. Hapo ya Sumbawanga inashika kaskazini, na ya Kitwe inavuka mpaka.